Waya Uliofungwa kwa Katani

Nakumbuka siku moja ya mnada, mwanangu, ambayo hadi leo nikiitaja kidole changu cha shahada huanza kuniwasha kana kwamba kimeungua jana. Ilikuwa asubuhi ya jua kali hapa Handeni. Ng'ombe walikuwa wakipita kwa makundi kuelekea mnadani, na mbele ya gereji yangu ilisimama Landrova ya zamani iliyong'aa kuliko gari lolote mjini. Niliing'arisha mimi. Aibu yangu yote ilianzia kwenye mng'ao ule.

Usishangae nikikuita mwanangu. Sina mvi. Nina miaka thelathini na moja, na wewe unayesoma huenda umenizidi umri. Nitakueleza huko mbele neno hili nililipata wapi na nani aliniruhusu kulitumia. Kwa sasa lipokee hivyo hivyo.

Kwanza nijieleze, maana mficha uchi hazai. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, kwa kusoma kitabu kimoja cha matengenezo kilichochanika kurasa za mwanzo, na kwa kuharibu. Mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa wake: anaogopa kuulizwa. Kila mteja aliyesimama nyuma yangu nilimwona kama msimamizi wa mtihani. Kwa hiyo nikajificha kwenye usafi. Spana zangu nilizipanga ukutani kwa ukubwa, na moja ikining'inia upande nilikuwa siwezi kuendelea na kazi mpaka niinyooshe. Nati nikishaikaza naikaza tena, kisha nikifika nyumbani nakaa mbele ya sahani ya ugali nikijiuliza kama kweli niliikaza. Watu walisema kijana yule ni fundi makini. Mimi nilijijua kuwa ni fundi mwoga.

Landrova ile ilikuwa ya Mzee Lemburis, mfugaji wa Kimaasai anayeishi huko nyikani, mbali na lami. Aliinunua miaka mingi iliyopita kutoka shamba moja la mkonge upande wa Mazinde, ikiwa imekwisha kuchoka. Humo alibeba ndama, dawa za kuogeshea mifugo, mapipa ya maji wakati wa kiangazi, na majirani waliozidiwa na ugonjwa. Gari halikuwahi kumwacha njiani kwa sababu ya mtu mmoja, Mzee Shekiondo, Msambaa anayeishi Mkumbara, kando ya barabara ya Tanga na Moshi. Shekiondo ndiye aliyekuwa fundi wa lile shamba la mkonge, na gari lilipouzwa ni kama naye aliuzwa pamoja nalo, kwa kuwa tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa injini yake. Wazee hawa wawili walikuwa marafiki wa kutaniana. Lemburis alikuwa na msemo wake: "Gari ni la Shekiondo, mimi nalilisha tu." Kila alipopita Mkumbara alisimama mbele ya nyumba ya rafiki yake, akapiga honi mara tatu, na Shekiondo akatoka na vigoda viwili.

Honi hiyo ndiyo iliyomleta kwangu. Ilikuwa imeacha kulia, na yeye alikuwa Handeni kwa shughuli zake, akaona gereji yangu ilivyo safi. Akaniambia, kwa upole wa wazee, kwamba kwa kitu kidogo kama honi hana haja ya kwenda mpaka Mkumbara. Nikamwambia aniachie gari siku nne.

Siku nne kwa honi, mwanangu. Hapo hapo ungenishika mkono.

Nilipofunua boneti niliona grisi iliyoganda, vumbi jekundu la miaka, na nyaya zilizoungwa kwa mkono. Sikumuuliza mwenye gari honi ilianza kunyamaza lini. Sikuuliza chochote. Nilishikwa na ile hamu yangu mbaya ya kutaka kila kitu kiwe kama kwenye picha. Nikaosha injini kwa brashi, nikapiga msasa, nikapaka rangi, hata pale ambapo chuma hukutana na chuma. Nikabadilisha nyaya zilizochakaa nikazipanga kwa mistari. Na chini kabisa, kati ya injini na fremu ya gari, nikakuta kitu kilichonichefua: waya mnene wa kusukwa, mweusi kwa grisi, umezungushiwa kamba ya katani tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayefunga jeraha kwa kitambaa kichafu. Nikasema moyoni, huu ndio ufundi wa zamani. Nikaikata ile katani, nikafungua waya, nikautupa kwenye gunia la vyuma chakavu. Kisha nikapiga picha nikaziweka kwenye simu watu wazione. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani alikuwa wa kuniambia?

Ikafika ile siku ya mnada. Mzee Lemburis akaja na rungu lake na shuka lake jekundu, akalizunguka gari, akasema limekuwa kama bibi harusi. Watu waliokuwa wakienda mnadani wakasimama kutazama. Nikaingia ndani kwa madaha, nikawasha taa zote ili zionekane, nikavuta choki, kile kijiti cha kuamshia injini ikiwa baridi, nikapiga stata.

Injini ikazunguka nusu, kwa uvivu, ikaguna, ikanyamaza. Nikapiga tena. Ikaguna tena. Mara ya nne nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na nilipoushika mkono wa choki niusukume ndani, kile kijiti cha chuma kilikuwa cha moto kama pasi. Ngozi ya kidole ikabaki pale pale.

Kijana mmoja mwenye fimbo ya kuswagia ng'ombe akasema, "Fundi, hiyo gari unaitengeneza au unaichoma? Niambie nikalete mbuzi."

Watu wakacheka. Ulipaswa kuona uso wangu, au bora hukuuona. Nikasema harufu ile ni ya rangi mpya inayopata joto. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka bila kubisha hodi. Kisha nikashuka, nikafunua boneti, nikatikisa kichwa taratibu, nikasema yale maneno ambayo kila fundi wa nchi hii anayajua, maneno tunayoyasema tunapokwama: "Nani aliishika gari hii kabla yangu?"

Wewe unayajua maneno hayo. Labda umeyasema wiki hii. Fundi akikosa njia, humtafuta fundi mwenzake ambaye hayupo, akamvalisha kosa. Nyani haoni kundule. Mzee Lemburis akajibu kwamba ni Shekiondo peke yake. Nami, kwa kuwa watu walikuwa wakinisikiliza na kicheko kilikuwa kimegeuka kuwa udadisi, nikazidisha. Nikasema fundi huyo alikuwa amefunga nyaya za umeme kwa kamba ya katani kama anafunga mzigo wa kuni. Nikasema gari limeharibiwa kwa miaka mingi na sasa madhara ndiyo yanatokea. Kile kicheko kilichokuwa juu yangu kikahamia kwa mzee ambaye hakuwepo. Nakiri mbele yako kwamba nilijisikia nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu kuliko yote.

Mzee Lemburis hakucheka. Alitoa simu yake ndogo ndani ya shuka, akampigia Shekiondo hapo hapo, akaweka sauti ya juu kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri. Akamweleza: gari limepakwa rangi, limependeza, lakini stata ni mvivu na injini haiwaki. Sauti ya mzee ikatoka pole pole. Iliuliza, "Taa zinafifia akipiga stata?"

Lemburis akajibu kwamba hapana, zilikuwa zinang'aa vile vile.

"Basi muulize kijana. Choki inapata moto?"

Mwanangu, swali lile lilikuwa mlango uliofunguliwa. Kidole changu nilikuwa nimekificha mfukoni, kinapiga kama moyo. Ningetoa mkono nikaonyesha, kila kitu kingekwisha pale pale. Lakini sikujua kwa nini choki inapata moto, na kwangu kutojua mbele za watu ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo. Nikawaza, nikikubali ataniuliza swali la pili, na hilo sitakuwa na jibu lake. Mzee Lemburis akanigeukia, na watu wote wakanigeukia.

Nikasema, "Hapana. Haipati moto."

Ng'ombe mmoja alilia barabarani. Kisha Shekiondo akasema, "Kama haipati moto, basi mimi sijui. Mwache kijana afanye kazi."

Lemburis akaikunja simu ndani ya shuka lake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetangaza msiba: "Amezeeka. Shekiondo amezeeka." Na waliokuwa pale wakalibeba neno lile mnadani pamoja na ng'ombe wao.

Siku ya pili yake nilibaki na gari peke yangu, mchana, na kidole kimevimba. Ndipo nikaanza kufikiri kama nilivyopaswa kufikiri tangu mwanzo. Kwa nini kijiti cha choki kipate moto, wakati hakina kazi yoyote ya umeme? Nitakueleza kwa maneno mepesi. Umeme ukitoka kwenye betri ukaenda kwenye stata, lazima upate njia ya kurudi. Injini ya gari imekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo huwekwa waya mnene kati ya injini na fremu, mafundi tunauita ethi, ndiyo njia ya kurudia. Ukiuondoa, umeme hautakata tamaa. Utatafuta upenyo wowote wa chuma unaogusa injini, hata uwe mwembamba kama waya wa choki, na utapita humo kwa kujibana mpaka uuchome. Taa zinang'aa kwa sababu betri ni nzima. Stata ni mvivu kwa sababu njia ni finyu.

Nikachukua waya wa kuazimishia chaji, nikaunga ncha moja kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mahali nilipokwangua rangi yangu mwenyewe. Nikapiga stata. Injini ikawaka mara moja, kwa sauti tulivu, kama isiyo na kinyongo na mtu.

Nikakaa chini. Kisha nikaenda kwenye gunia la vyuma chakavu, nikamwaga vyote, nikautafuta ule waya mweusi. Nilipoufuta grisi niliona kazi ambayo siwezi kuifanya mpaka leo: ncha zake zimelehemiwa vizuri, hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Na katani ile niliyoicheka ilikuwa na maana. Waya ulipita karibu na ukingo mkali wa fremu, na gari likitikisika kwenye mashimo ungesagika ukakatika. Plastiki ingekauka na kupasuka kwa joto. Katani iliyoloweshwa grisi haipasuki. Mtu aliyeishi na mkonge maisha yake yote alijua hilo, nami niliyeishi na simu sikujua. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nikauzungushia katani mpya niliyoiloweka grisi, nikaurudisha waya mahali pake, na nikakwangua rangi chuma kikutane na chuma. Ungetegemea kwamba siku hiyo hiyo nilimpigia simu Mzee Shekiondo. Sikumpigia. Mzee Lemburis alipokuja, gari likawaka kwa mguso mmoja, akanishika bega, akaniambia nimemshinda mzee. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilikuwa nauficha uso.

Ikapita miezi mitatu hivi. Nilikula vizuri, nilifanya kazi, wateja waliongezeka. Lakini kila nilipofunua boneti nilisikia ile sauti ya simu ikiuliza kama choki inapata moto. Nikaanza kukagua kazi zangu mara tano, mara sita, kana kwamba nati iliyolegea ilikuwa ndani ya gari.

Siku moja nikaenda Korogwe kununua nyaya kwa Mama Zuhura, mwanamke wa makamo mwenye duka la spea na ulimi usiokaa kimya. Alipokuwa akinipimia waya, akaanza kulalamika kwamba Mzee Shekiondo haonekani siku hizi. Zamani alikuja kila wiki. Sasa watu hawampelekei magari, wanasema mzee amekwisha, anafunga injini kwa katani.

"Na neno hilo limetoka kwenu huko Handeni," akasema. "Hata yule rafiki yake Mmaasai anapita hapo Mkumbara hasimami. Watu wabaya sana nyie."

Nikamwambia aniwekee waya, nitaurudia. Nikapanda gari la kwenda Mkumbara nikiwa sijui nitasema nini.

Nilimkuta Mzee Shekiondo mbele ya nyumba yake, akinoa jembe kwa tupa. Kibanda chake cha kazi kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha waya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Kilikuwa kimoja kati ya vile viwili, nami nilijua kilikuwa cha nani. Nikakaa juu yake, na nikayasema yote bila kupumzika: rangi, waya, kicheko, simu. Nikamaliza kwa lile jibu langu la uongo. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimeuandaa mwili kuyapokea.

Akaweka tupa chini. "Mwanangu," akasema, "nionyeshe kidole."

Hakuna mtu wa kazi hii aliyewahi kuniita hivyo. Nikatoa mkono. Akalitazama kovu, akaliminya kidogo kwa dole gumba, kama anayepima tairi, akatabasamu. Akasema alijua. Alijua tangu siku ile kwenye simu. Stata ni mvivu, taa zinang'aa, gari limetoka kupakwa rangi na kijana anayependa usafi. Ingekuwa nini kingine?

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini alikubali kuitwa mzee aliyekwisha.

"Niliuliza, nikajibiwa," akasema. "Fundi hufanya kazi na jibu alilopewa. Ningesema kijana anadanganya, mimi niko Mkumbara na gari liko Handeni? Lemburis angechagua nani? Nilimwachia achague. Akachagua."

Hapo kwenye neno la mwisho sauti yake ilishuka, naye akalichukua tena jembe lake. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekivunja. Jina la fundi huweza kujengwa upya kwa kazi. Lakini mzee yule alikuwa amekaa miezi mitatu akisikia sauti ya injini anayoijua ikipita nje bila kusimama.

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, na hapo hapo akaniuliza maneno yale niliyasemea wapi. Nikasema mbele ya gereji yangu, siku ya mnada, watu wakiwa wengi.

"Basi yarudishe huko huko. Ukiyarudisha hapa nyumbani kwangu yatakuwa yamepotea njia."

Nikamwomba twende wote. Akakataa. Akasema yeye si shahidi wangu.

Mwanangu, siku zile zilizobaki kabla ya mnada nilizihesabu kama mgonjwa anayesubiri kupasuliwa. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayafuta, nikayaandika tena, maana hata toba nilitaka iwe bila doa. Siku ilipofika nilimpigia Mzee Lemburis nikamwomba apite na gari. Akaja. Watu walikuwa wengi kuliko mara ile. Nikafunua boneti, karatasi ikanitoka mkononi ikaanguka kwenye tope la mafuta, nikabaki na mdomo wangu tu.

Nikaonyesha ule waya wa katani mahali ulipo. Nikasema kwa sauti kwamba bila waya ule, na kamba inayoulinda, gari lisingetembea, na kwamba aliyeutoa waya na kuutupa ni mimi. Nikainua kidole. Nikasema choki ilipata moto, ikaniunguza, na nilipoulizwa nikasema hapana. Mtu mmoja nyuma akasema niongeze sauti, nikarudia yote. Yule kijana wa fimbo alikuwepo. Alifungua mdomo atanie, akamwona Mzee Lemburis, akaufunga.

Mzee aliegemea rungu lake. Kisha akasema, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Kwetu, ng'ombe akiugua, kabla hatujamshika tunamwita aliyemchunga jana. Tunamuuliza alikunywa wapi, alikula nini, alianza kubaki nyuma wakati gani. Wewe ulimtukana mchungaji wa jana, halafu ukampaka ng'ombe mafuta ang'ae."

Nikasema ndiyo, mzee.

"Na mimi nikakuamini, kwa sababu alikuwa anang'aa." Akatema mate pembeni. "Mimi mkubwa zaidi ya wewe. Aibu yangu ni kubwa zaidi."

Akaingia kwenye gari. Nikadhani anaondoka. Akaweka kiganja katikati ya usukani, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akinitazama.

"Na honi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Katika siku nne za rangi na miezi mitatu ya sifa, kile kitu kimoja nilichoombwa sikuwa nimekigusa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu alipolichukua gari.

"Sikuwa na mtu wa kumpigia," akajibu.

Safari hii niliuliza kabla ya kushika spana. Nilimuuliza honi ilikufa ghafla au ilianza kwa kukwama. Akasema ilikuwa ikikwama, ila akikata kona kushoto ililia vizuri. Jibu hilo lilinipeleka moja kwa moja chini ya kitufe cha usukani. Kibamba cha shaba kinachopitisha umeme wa honi kilikuwa kimejaa vumbi na kimelegea, kikigusana tu usukani ukigeuzwa upande mmoja. Nikakisafisha kwa kipande cha msasa, nikakikunja kidogo kwa kidole changu hiki chenye kovu. Kazi haikufika robo saa. Nilikaribia kusafisha na usukani mzima, nikauzuia mkono wangu.

Mzee Lemburis akabonyeza, ng'ombe wa watu wakaruka barabarani. Akaondoka bila kuniaga wala kuniambia nipande. Hakurudi kwangu kwa muda mrefu, nami sikumlaumu.

Lakini jioni yake simu yangu iliita. Alikuwa Mzee Shekiondo. Hakusema habari ya msamaha wala ya mnada. Alisema tu honi inasikika vizuri, ila mlio wa tatu unakwaruza kidogo, na nyuma yake nikasikia mtu akicheka kwa Kimaasai. Kisha akaniambia nisiyaweke mambo haya moyoni yakaniozea, niwaambie vijana wenzangu. Nikasema mimi bado kijana, nitawaambia kama nani? Akajibu, "Waite wanangu. Katika moto, mzee ni yule aliyetangulia kuungua."

Ndiyo maana nakuita hivyo.

Basi nisikilize, mwanangu, hata kama una ndevu kuliko mimi. Gari kuukuu ni mazungumzo ya watu waliolishika kabla yako, na wewe umeingia katikati ya maneno yao. Usikate kitu usichojua kazi yake kwa sababu tu kimekuchukiza macho. Uliza kwanza: lini ilianza, inafanyaje, nani alishika jana. Ukiletewa honi, tengeneza honi. Ukiona jambo jingine, liseme, usilivamie. Usimtukane fundi ambaye hayupo, kwa maana hata wewe kesho hutakuwepo, na boneti lako litafunuliwa na mwingine. Ukiulizwa swali usilolijua, sema hujui. Neno "sijui" huunguza mara moja tu, kisha hupoa. Na ikiwa umekwisha kusema uongo, kama nilivyosema mimi, usiurudishe kwa siri. Urudishe palepale ulipoutolea, watu wakiwa wengi vile vile, hata karatasi yako ikianguka topeni.

Mimi bado nazipanga spana zangu kwa ukubwa. Bado naogopa. Lakini ukutani, juu ya spana, nimetundika kipande cha kamba ya katani, na mteja akiniuliza ni cha nini, namweleza.

Mungu akupe macho yanayoona kazi ya waliokutangulia. Akupe ulimi unaokiri kabla kidole hakijaungua. Na kila utakaporudi nyumbani, uwepo mlango mmoja utakaoupigia honi, na atoke mtu na kigoda chako.